Mita ya Ukungu

Katika daftari la matukio la kijiji kimoja kilicho juu ya Isyonje, ukiwa umetoka Uyole unapandisha kuelekea Kitulo, jina langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu, na mbele yake maneno mawili: "mtafuta rupia". Karani alianza kuandika "mwizi", Mwenyekiti akamkatiza kwamba wizi haujathibitika. Akaandika "mchawi", Mwenyekiti akasema hilo nalo serikali haina fomu yake. Ndipo wakaafikiana juu ya rupia. Muda wote huo nilikuwa nimekaa juu ya gunia la viazi, nimevuliwa viatu ili nisikimbie, baridi ya alfajiri inanipanda kwa nyayo, na watu wazima wenye heshima zao wanajadiliana kwa utulivu kabisa mimi ni mhalifu wa aina gani. Ni juzi tu hapa. Soksi zenyewe hazijakauka.

Asiyezifahamu Nyanda za Juu Kusini anaweza kudhani hilo ni kosa dogo. Huku kwetu, mwaka 1916 Mjerumani aliondoka kwa haraka, na watu wanaamini mtu anayeondoka kwa haraka lazima amezika kitu. Imani hiyo haikuota hewani. Mwaka huohuo, pale Tabora, Wajerumani walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na sarafu hiyo leo wakusanyaji hununua kwa bei ya kumfanya mtu auze shamba anunue sururu. Kwa hiyo kila jiwe lenye alama, kila mti mkubwa uliosimama peke yake, kila ukuta wa boma la zamani kuanzia Tukuyu hadi Iringa una mtu anayeuzunguka usiku akiwa na tochi na mashine inayolia. Mimi nilikamatwa saa kumi alfajiri, kando ya kichaka, nikiwa na tochi na mashine inayolia.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu aliyeko Leipzig. Mama yake, yaani dada yangu, anaamini kijana anafuga samaki wa mapambo. Ukweli ni kwamba anafuga kinyonga, tena kinyonga wa kwetu: yule dume mwenye pembe tatu fupi puani, ambaye asili yake ni safu ya Poroto na milima jirani na hapatikani porini kwingine duniani. Wataalamu wanamwita Trioceros fuelleborni. Jina hilo ni la Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyepita pande hizi, na aliyeliandika kitabuni ni Gustav Tornier wa Berlin, mwaka 1900. Kinyonga wa mpwa wangu alizaliwa hukohuko Ujerumani, kwenye kizimba cha wavu. Hakupata kuuona Mlima Rungwe hata kwenye picha, na Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, yeye tayari alikuwa na ukoo wake ughaibuni.

"Mjomba," kijana akanipigia, "huko nyumbani unyevu wa hewa ni asilimia ngapi?"

"Unatosha," nikamjibu.

Hakuridhika. Vitabu vyake vinapingana, kimoja kinasema vile na kingine hivi, na kinyonga ameanza kuingia macho ndani, dalili ya kukaukiwa. Anataka namba za pale anapolala babu yake kinyonga, kwenye kichaka chenyewe, usiku. Akamkabidhi mtu anayekuja Mbeya vipimo viwili vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vyenye kioo cha namba na king'ora kinacholia unyevu ukifika asilimia 90.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo lenyewe ni tamu kuliko nilivyotegemea. Unyevu unaosomwa kwa asilimia hauhesabu maji yaliyomo hewani tu. Unasema hewa imebeba sehemu gani ya mzigo wote ambao ingeweza kuubeba kwa joto ililo nalo. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ipoe hadi nyuzi 10, uwezo wake unashuka hadi gramu 9 na kitu. Ikifika sifuri, gramu 5 hazitimii. Hewa ni kuli ambaye baridi ikimpiga nguvu zinamwishia, na mzigo aliokuwa nao mchana analazimika kuutua palepale alipo. Mzigo huo ukituliwa juu ya majani ni umande, ukibaki unaelea ni ukungu.

Sasa tazama ramani yetu kwa jicho hilo. Hewa inatoka Ziwa Nyasa ikiwa ya joto na imebeba maji tele. Inapanda Kyela, inapanda Tukuyu, na kila inapopanda inapoa, na kila inapopoa inatua. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na migomba ya pale haijui kukauka. Kinachovuka mgongo wa Poroto kuja upande wa Mbeya mjini ni mabaki, chini ya nusu ya mvua hiyo, na ukishuka Usangu ni mabaki ya mabaki. Kinyonga wa pembe tatu amechagua kukaa palepale ambapo mzigo unatuliwa. Akili aliyonayo mnyama huyu wengi wetu hatukuwa nayo siku ya kununua viwanja.

Halafu ipeleke hesabu hiyohiyo Leipzig mwezi wa Januari. Nje ni nyuzi sifuri na ukungu mzito, unyevu asilimia 100. Fungua dirisha, hewa hiyo iingie sebuleni, iwashie joto hadi nyuzi 22. Haijaongezewa wala kupunguziwa hata tone, gramu zake ni zilezile 5, lakini sasa ina uwezo wa kubeba 19. Asilimia 25! Mjerumani amefungulia ukungu dirisha na akapata jangwa. Nilipoifahamu hesabu hiyo niliamka usiku nikamwamsha mama watoto nimweleze. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimefunga geti.

Na usidhani dawa yake ni kumwagia kinyonga maji kutwa nzima. Hivyo ndivyo wafugaji wa mwanzo walivyowamaliza. Kinyonga wa milimani anataka usiku wa baridi wenye ukungu unaozidi asilimia 90, kisha jua litoke, upepo upite, majani yakauke, unyevu ushuke hadi kwenye 60 au chini ya hapo. Hewa ikituama na joto na maji kwa pamoja, mapafu yanaoza. Ikikauka moja kwa moja, ngozi inagoma kubanduka na macho yanazama. Bakuli la maji hata ukimwekea halitambui, yeye hulamba matone kwenye majani. Kwa hiyo mpwa wangu ana mashine yenye kisahani kinachotetemeka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde, kinachopasua maji kuwa ukungu bila kuyachemsha. Mashine hiyo inaamka yenyewe saa nane za usiku. Maji yake lazima yawe yaliyosafishwa hadi yasiwe na chembe ya chokaa, la sivyo kila jani linabaki na vumbi jeupe. Hilo la maji nitalirudia, maana liliniuma.

Kabla ya kupima chochote, kipimo chenyewe hupimwa. Unachukua chumvi ya kula, iwe ya Uvinza au ya Bagamoyo, unaijaza kwenye kifuniko cha soda, unaidondoshea maji kidogo ilowe bila kuyeyuka yote, kisha unaifungia ndani ya kopo pamoja na kipimo. Baada ya saa kadhaa hewa ya mle ndani inatulia kwenye asilimia 75. Chumvi ikiona hewa ina maji mengi inayanywa, ikiona ni kavu inayatoa, mpaka wapatane kwenye 75, na ni hapohapo uwe Mbeya au Mombasa. Nimeishi na chumvi miaka yote hii jikoni, sikujua ina msimamo kiasi hicho.

Na kabla ya vioo vya namba palikuwa na nywele. Mwaka 1783 Mswisi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alichapisha kitabu kuhusu kipimo alichokitengeneza kwa unywele wa mtu, kwa sababu unywele hurefuka hewa ikiwa na maji na hufupika ikikauka. Kila mwanamke aliyepiga nywele pasi Mafinga akashuka kwenye basi Kiwira anaijua sayansi hiyo, ila hakuna aliyemwandikia kitabu. Naitaja habari ya nywele mapema kwa sababu ndiyo iliyonikaanga.

Basi, alfajiri ile. Nilikuwa nimelala kwa mtu ninayefahamiana naye pale Isyonje, nikapanda hadi ukingoni ambapo shamba la viazi linakutana na kipande cha msitu kilichobaki. Usiku kinyonga hupauka, na ukimmulika anaonekana mweupe kabisa juu ya kijani, amejikunja kwenye kitawi. Nilimwona mmoja. Sikumgusa, kumkamata bila kibali ni kesi, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha. Nikachomeka kipimo kwenye tawi la jirani, nikakaa kusubiri. Ukungu ukapanda. Namba zikapanda. Kikafika 90, kikaanza kulia.

Kitufe cha kunyamazisha kimechimbiwa ndani kiasi kwamba kinahitaji sindano, na mimi sikuwa na sindano. Mbwa wa kwanza alibweka, wa pili akamuunga mkono, na muda si mrefu nilizungukwa na vijana wa doria wenye makoti mazito na marungu.

"Unatafuta nini?"

"Unyevu."

Kimya. Kisha mmoja, kwa huruma ya kweli, akauliza, "Uliudondosha wapi?"

Ofisini Mwenyekiti alikishika kile kidude kwa kitambaa, akakisoma kwa sauti. "Tisini na saba. Nini hii tisini na saba?"

"Asilimia, Mwenyekiti. Ya maji yaliyomo hewani."

Akatazama mlangoni, ukungu umeziba hata nguzo ya bendera. "Na tatu zilizobaki ziko wapi?"

Kijana mmoja nyuma yangu akajibu kwamba ziko ardhini, na ndizo nilizokuwa nazifuata. Mwingine akasema hapana, huyu si wa rupia, huyu ni wa mita. Walishaweka mita ya umeme, wameweka mita ya maji, sasa wanakuja na mita ya ukungu, na tutanunua kwa tokeni. Watu wakacheka, lakini si wote. Wazee hawakucheka. Jirani yao ni Kitulo, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na mzee wa milimani akiona mgeni mwenye chombo cha kupimia anajua baada ya chombo huja kigingi na baada ya kigingi huja katazo. Wasiwasi huo niliuelewa hata nikiwa bila viatu.

Nikaona niwatulize kwa elimu. Nikawaambia kipimo hiki hakina ajabu, ni cha zamani, hata kabla ya Mjerumani, ila zamani kilitumia nywele za binadamu.

Chumba kizima kikapoa.

"Nywele za nani?" akauliza mzee aliyekuwa hajasema neno tangu nifikishwe.

"Za mtu yeyote, mzee. Ila zinachemshwa kwanza."

"Zinachemshwa."

"Kwa magadi. Kutoa mafuta."

Ndipo karani alipoandika lile neno ambalo serikali haina fomu yake. Nilichosema ni kweli tupu, Saussure alizichemsha nywele kwa magadi, limo kitabuni mwake. Lakini jaribu wewe kuitamka sentensi hiyo alfajiri, kwenye ofisi ya kijiji, ukiwa umeshikiliwa bega na mgambo.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekuja kudai gunia lake, lile nililolikalia. Alipoambiwa shtaka akasema kupima ukungu si ujinga, ukungu ukilala siku mbili bila kuondoka, viazi vinaungua majani vyote, na mwaka ule wa hasara ungejulikana mapema watu wangepiga dawa. Nikadakia hapohapo. Nikawaeleza kwamba Uingereza wakulima wa viazi kwa miaka mingi walifuata kanuni iliyotungwa miaka ya 1950: siku mbili mfululizo, joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na unyevu usimame asilimia 90 au zaidi kwa saa 11 kila siku, basi ugonjwa wa bakajani uko njiani. Tisini! Namba ileile iliyonifanya nikamatwe.

Mwenyekiti akakigeuza kile kidude, akakifuta kwa kitambaa chake. Akatangaza kwamba nimeachiwa, viatu nirudishiwe, nilipe faini ya usumbufu wa vijana wa doria, na kifaa kinabaki ofisini kama kielelezo.

Nikahamia mkoa wa Iringa na kipimo cha pili, kwa sababu kijana ana rafiki anayefuga kinyonga wa Mufindi, yule mwenye miiba ubavuni. Kwenye basi, karibu na Makambako, kidude kililia ndani ya begi na konda akanishusha na begi langu. Iringa mjini mhudumu wa nyumba ya wageni alikuta chini ya kitanda changu kopo lenye kifuniko cha soda, chumvi mbichi na unywele, akanisalimu "kamwene" kwa adabu zote huku akiziweka nguo zangu nje. Mufindi mvua ilinyesha tu.

Lakini Iringa ndiko nilikopata muda wa kuyafikiria yale maji, na hasira ikaja. Mtaani kwetu maji ya bomba huja kwa zamu. Zamu yetu ikifika usiku, tunaamka kujaza madiaba, na ikipita tumelala tunanunua ya madumu. Leipzig kuna kinyonga mwenye jina la Mjerumani na damu ya Poroto ambaye maji yake yamesafishwa mara mbili na yanamfikia saa nane kamili bila kuruka hata usiku mmoja. Simwonei wivu. Nasema uongo, namwonea.

Na si yeye peke yake. Kwenye mteremko wa Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, kuna maporomoko ya Mto Kihansi. Mwaka 1996 walionekana pale vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, mkubwa wao hafiki sentimita 3, wasiotaga mayai bali wanaozaa watoto kamili, na waliokuwa wakiishi katika hekta mbili tu za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Nchi nzima ya Tanzania, na dunia iliyobaki, lakini wao ni hapo tu. Bwawa la umeme, megawati 180, lilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji yakahamishwa kwenye handaki. Manyunyu yakafa. Tukaletewa suluhisho ambalo mpwa wangu angelitambua mara moja: mabomba yakatandazwa bondeni, yakafungwa vinyunyizio vya kutengeneza manyunyu ya bandia usiku na mchana. Korongo zima likawa kizimba. Vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx, New York. Waliobaki waliporomoka mwaka 2003, kuvu wa ngozi akitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 vizazi vyao vilirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ndege, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, chini ya mabomba.

Simlaumu chura. Umeme wa Kihansi ndio unaowasha taa ninayoandikia. Kinachonichoma ni kwamba habari hizi zote, za chura na za kinyonga, nilizipata ukubwani, kutoka kwa kijana aliye Ujerumani. Nimesoma shule zangu zote chini ya milima hii. Nilifundishwa mito ya Ulaya. Kinyonga nilifundishwa kumrushia mawe. Tornier alikaa Berlin akamjua mwaka 1900, na watu wa kijiji kile wanachimba usiku kutafuta alichoacha Mjerumani, wakati alichochukua kinalala matawini juu ya vichwa vyao, kimepauka, hakina hata fomu.

Wiki iliyopita simu ililia kabla hakujapambazuka. Mwenyekiti.

"Tisini na sita tangu saa nne usiku. Joto kumi na moja. Nipige dawa?"

Nikamwambia asubiri usiku wa pili. Kesho yake akapiga tena. Siyo siri, anasoma vizuri kuliko mimi: anataja saa, anataja upepo umetoka wapi, anataja jua lilipotoka unyevu ulishuka kwa muda gani. Nikamtumia mpwa wangu zile namba. Kijana alifurahi hadi akaomba namba ya simu ya Mwenyekiti wawasiliane moja kwa moja, na sasa anamtumia vocha kila mwisho wa wiki na anamwita mtafiti msaidizi. Kinyonga, naambiwa, ameanza kutoa macho. Mimi nimetumiwa ujumbe mmoja tu, kwamba betri za kipimo cha Mwenyekiti zinakaribia kwisha, ninunue mbili zile za duara pale Mwanjelwa, niziwahishe kwa gari la Isyonje, na kwamba nauli ya kifurushi tutaongea.